Chombo cha Nchi Kavu

Mume wangu ni mshonaji wa kanzu. Nalitaja hilo mwanzo kabisa, kwa sababu alipoanza kujenga trela watu wa Langoni, mtaa wetu kisiwani Amu, walinisimamisha njiani kuniuliza kama amewahi kusomea useremala, au uchomeleaji, au hata udereva, na jibu langu lilikuwa moja: anajua kukata kola na kutia darizi kifuani, basi. Gari hatujawahi kuwa nalo. Vichochoro vyetu ni vya watu na punda, na mpaka bodaboda zilipokuja kutupigia honi huko pwani, mume wangu alikuwa hajawahi kujaza tairi pumzi maishani mwake.

Wazo hilo alilitoa wapi, nitasema. Kwanza niseme kilichomfanya alitafute.

Binti yetu, na ndiye mtoto pekee tuliyejaaliwa, figo zake zilikufa. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu, akaanza kuvimba miguu, kisha uso, kisha akawa anahema akipanda ngazi za nyumba aliyozaliwa. Tukaambiwa lazima damu yake isafishwe kwa mashine, mara mbili kila wiki, katika hospitali kubwa Mombasa, na akikosa, maji yatabaki mwilini na kumpanda kifuani mpaka ashindwe kuvuta pumzi. Daktari alitueleza hivyo bila kuzunguka, na namshukuru. Baba yake akasema atatoa figo yake moja. Akapimwa, akakataliwa kwa sababu ya sukari. Nikapimwa mimi, yangu haikulingana naye. Tulitoka tukakaa kwenye benchi la nje, watu wawili wenye figo nne zisizomfaa mtoto wao, na sikuweza kumtazama mwenzangu usoni.

Wenyewe husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wasichosema ni kwamba kuujua hakusaidii kitu.

Binti yetu akawa anakaa Mombasa kwa shangazi yake, dada wa mume wangu. Mimi nikawa mtu wa kwenda na kurudi: wiki kadhaa huko nikimshika mkono, wiki kadhaa Amu nikimpikia baba yake na kumsikiliza akiendesha cherehani hata pasipokuwa na nguo ya kushona. Wifi yangu ni mtu mwema, na wema wake ndio uliotumaliza. Alipika chungu cha pembeni kisicho na chumvi. Aliwakataza wanawe televisheni. Nyumba yake ina vyumba viwili na watu ni tele, kwa hiyo mgonjwa alilala sebuleni, na waliokuja kumjulia hali walimkuta pale pale kwenye godoro. Yeye akajiinua, akajitanda leso vizuri, akaulizwa, akajibu, akashukuru. Alishukuru mchana kutwa. Alishukuru kwa kupewa uji, kwa kupishwa msalani, kwa kufungiwa dirisha. Mtoto yule aliyerithi mdomo wangu, ambaye zamani nikimkaripia neno moja hunirudishia matatu, akawa mpole kama mtu anayeomba riziki mlangoni pa watu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe hangeweza kulishika, na mwaka tangu afike ulikuwa unakaribia kuisha.

Siku moja, wiki chache kabla ya Ramadhani, tukitoka hospitali, aliniambia.

"Mama, mashine nitakwenda mpaka Idi. Idi ikisha, narudi kwetu. Nataka chumba changu. Nataka mlango wangu nifunge."

"Na mashine?"

"Mashine itabaki huku."

Hakulia. Alilisema kama mtu anayekuarifu kwamba ameamua kubadilisha duka la kununua unga, na hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli. Mtu anayelia unaweza kumbembeleza.

Chumba cha kukodi tulikwisha kukijaribu. Kilichokuwa karibu na hospitali kilikuwa juu ghorofani, na yeye ngazi zilikuwa zinammaliza. Cha chini kilikuwa na choo cha watu wasiojulikana idadi. Wifi yangu ana ua mpana nyuma ya nyumba, una geti la kutokea barabarani na choo cha nje kisichotumiwa na mtu, tukasema basi tumjengee kibanda pale. Mwenye nyumba akakataa. Alisema katika kiwanja chake hakuna kujenga, hata banda la kuku.

Mume wangu akarudi dukani kwake akakaa na simu. Alasiri moja alinipandia juu mbio, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, akanionyesha wazungu waliojenga vijumba vidogo juu ya magurudumu, kitanda ndani, dirisha, jiko kwa nyuma, wakivivuta kwa magari yao wakalale porini kwa starehe.

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Chenye magurudumu hakina msingi," akasema, "na kisicho na msingi si jengo. Mwenye kiwanja hana la kusema. Nitamjengea chombo, nikipeleke pale uani, afunge mlango wake."

Nilimwambia amerukwa na akili. Kisha nikaingia jikoni nikalia, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyekuwa na wazo lolote.

Nilimsihi angalau atafute fundi wa Mombasa. Akakataa. Alisema huko atajengewa na mtu asiyemjua mtoto. Mimi nadhani alijua kwamba fundi wa Mombasa angemaliza upesi, na yeye angebaki tena na mikono mitupu.

Kazi aliianza kwa namna anayoijua. Alinunua marekani, akaitandaza sakafuni, akachora kwa chaki ya kushonea ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, paa na mlango, akakata, akashona, akaitundika kwa kamba katika kiwanda cha nyumba yetu, pale katikati panapoingia jua. Ikawa nyumba ya kitambaa. Akaingia ndani akalala chali.

"Ndoo ungie, Bi," akaniita. "Tutazame kama atageuka."

Nikaingia nikalala ubavuni mwake, watu wazima na mvi zetu, tukageuka kulia na kushoto kupima nafasi ya mtoto wetu. Vipimo vyake hakuhitaji kumuuliza mtu. Ndiye aliyemshonea nguo tangu utotoni, anavyo kichwani. Nilimwambia mtoto amepungua sana, labda apunguze kiunoni. Akasema kitanda hakipunguzwi kiunoni. Tukacheka, na tulipomaliza kucheka hakuna aliyeinuka kwa muda.

Mambo ya mbao hakuyajua, akamwita rafiki yake wa ujana, fundi wa mashua kutoka Matondoni. Mashua za fundi huyu zinakwenda mpaka Kiunga na kurudi, sina la kusema juu ya kazi yake, ila kitu cha kuvutwa barabarani hakuwahi kukishughulikia; yeye mwenyewe akisafiri kwa basi huanza kutapika kabla ya kufika Witu. Wawili hao walikuwa wakikubaliana kila jambo kwa haraka iliyonitia wasiwasi. Mmoja anasema hivi, mwenzake anasema ndivyo, na jambo limepita. Mimi nikiuliza swali naambiwa chai imepoa.

Mtaani kila mtu alikuwa na swali moja. "Mkisha, kitatoka kwa ndia gani?" Walinikera. Kwetu Amu kila kitu hupimwa kwa punda mwenye shogi zake mbili za mzigo. Kisichopita anapopita yeye hakijengwi ndani ya nyumba, na hilo mume wangu alilijua kabla hajajua jingine lolote. Walijenga nje, kando ya pwani, mahali zinapopandishwa mashua za kukarabatiwa, na wenye maswali wakawa wanakuja kuulizia pale pale, wamekaa juu ya magogo yetu.

Ekseli na magurudumu yalitoka kwa gari lililokufa Mokowe, ng'ambo ya bara, yakavushwa kwa mashua. Mchomeleaji akaunga fremu ya chuma. Juu ya fremu hiyo fundi akasimamisha mataruma ya mkoko uliopinda wenyewe, mbavu zile zile za mashua, akapiga mbao juu yake, kisha akatia kalafati: pamba iliyoloweshwa mafuta, akiigongomelea katika kila mwanya wa ubao na ubao kwa patasi butu. Nilipenda kumwangalia akiifanya kazi hiyo. Pakabaki kupaka sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa vyombo, na hapo nilisimama.

"Mwanangu hula kijiko cha wali akakitapika," nikawaambia, "na nyinyi mwataka alale tumboni mwa papa?"

Wakapaka rangi ya dukani, wamenuna wote wawili.

Ramadhani ikaingia, ikaendelea, na mimi na safari zangu. Kila nikirudi Amu nilikikuta kimekua: mara paa, mara dirisha, mara ngazi ndogo ya kupandia ambayo mume wangu aliifanya fupi fupi ili asihemeshwe nayo. Kila nikienda Mombasa nilimchukulia binti yangu picha. Alizitazama akiwa kwenye mashine, mkono wake mmoja umenyooshwa na mabomba, na mwingine ukishika simu.

"Baba ana wakati," akasema.

Simu hakunirudishia mara moja, lakini. Akaikuza ile picha, akaisogeza huku na huku, akauliza mlango unafunguka upande gani. Nikamwambia utaelekea ukuta wa ua, hapapiti mtu mbele yake. Akaitazama tena. Nilikaa pale nikiutazama uso wake na kuomba dua kwamba Idi isifike upesi, jambo ambalo sikuwahi kuliomba tangu nizaliwe.

Katika kumi la mwisho la mfungo wakakijaribu. Mashua ikiisha kujengwa, kabla haijashushwa, hutiwa maji ndani ijulikane inavuja wapi. Basi na hiki walikiziba mlangoni, wakakitegemeza chini kwa magogo kisivunje ekseli, wakakijaza maji ndoo kwa ndoo mpaka usawa wa kitanda. Mara ya kwanza kilivuja kama kapu. Wakarudia kila siku, mbao zikinywa, zikifura, zikibanana, mpaka ikafika siku ambayo hapakutoka hata tone. Watu walikuja hata kutoka mtaa wa Mkomani kutazama nyumba iliyojaa maji ndani na kavu nje. Fundi akachukua wembe akaupitisha kwenye kiungo, wembe haukupata pa kuingia.

"Mvua ya kungia humu haiyazaliwa," akasema, na watu wakacheka wakamsifu.

Mimi ambaye sikuamini tangu mwanzo, nikaamini. Niliamini kwa moyo wote. Nilimpigia binti yangu simu hapo hapo nikamwambia baba yako amemaliza, chumba chako kinakuja.

Kilivushwa mpaka Mokowe juu ya jahazi la kubebea mchanga, watu wakisukuma na kuitana Bismillahi, na huko kikafungwa nyuma ya pikapu ya jamaa mmoja apelekaye samaki Mombasa. Mimi nilikaa mbele na dereva. Mume wangu alikaa nyuma na makasha, ameelekea kinyume, akikitazama njia nzima asije akakipoteza. Ilikuwa kaskazi bado, jua halina wingu, na upepo wa barabara ya Garsen unakausha hata mate mdomoni. Tuliposimama Malindi kuswali nikasikia kitu kikilia, tak, kama mtu amevunja kijiti. Mume wangu akakizunguka, akarudi.

"Ni kamba," akasema.

Haikuwa kamba. Tulipokiingiza katika ua wa wifi yangu, nikawa nimesimama upande huu, nikamwona mume wangu amesimama upande wa pili. Nilimwona kupitia ukutani. Mbao zilikuwa zimekauka zikaachana, pamba inaning'inia nje kama nyuzi za nguo iliyofumuka, na baina ya ubao na ubao unapitisha kidole.

Jambo hili nalijua mimi, analijua yeye, analijua kila mtoto wa Amu. Chombo kikikaa nchi kavu mbao huachana, kikirudi majini hunywa kikajifunga. Tumezaliwa tukiliona. Na siku zile tulipokuwa tukikijaza maji na kushangilia, watu wazima wote wale, mafundi na manahodha, hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba hiki hakirudi majini. Mtu wa bara asiyejua mashua angetuuliza siku ya kwanza. Sisi tulikuwa wenyewe kwa wenyewe.

"Kitieni mai," fundi akasema kwenye simu. "Mbao zikinwa zitafunga."

Binti yetu alitoka nje akijishikiza ukuta, akakitazama. Nilidhani atacheka, au atalia, na sikujua lipi litaniuma zaidi. Akapanda zile ngazi fupi fupi. Humo ndani mlikuwa na kitanda cha kipimo chake, rafu ya dawa, pazia dirishani, na mlangoni komeo la mti la kusukuma kwa ndani. Akalisukuma. Tulilisikia likiingia. Hakutoka mpaka alasiri, na alipotoka alipita mbele yetu akaenda msalani na kurudi, hakumwambia mtu ahsante, hata baba yake. Nilifurahi kweli kweli.

Idi ikaja, ikapita. Siku ya mashine ilipofika alivaa akaenda, na ya pili akaenda. Neno la kurudi nyumbani hakulitaja, na sisi tukajitia kulisahau.

Lakini zile nyufa. Wageni wa wifi yangu wakawa wanapitia uani kutazama nyumba ya magurudumu, na aliyetazama nje alitazama na ndani. Mmoja alimpa salamu kupitia ufa, akamuuliza anaendeleaje, na binti yangu akajiinua kitandani, akajitanda, akajibu, akashukuru. Nilimfukuza yule mama kwa maneno ambayo wifi yangu mpaka leo hajanisamehe. Tukatundika leso ukutani kwa ndani, moja baada ya nyingine, mpaka zangu zote zikaisha.

Mimi nikaacha kwenda na kurudi, na mume wangu akafunga duka Langoni, akahamia kulala sebuleni kwa dada yake, mahali pale pale alipokuwa akilala mtoto. Kila asubuhi na kila alasiri alichukua mpira wa maji akakinywesha chombo chake. Alianzia juu akishuka ubao kwa ubao, taratibu, kama anapiga pasi kanzu ya bwana harusi. Maji yalitiririka, yakadondoka, yakafanya dimbwi chini ya magurudumu. Mbao zikafura, nyufa zikapungua. Jua likapanda, zikarudi. Alasiri akaanza upya.

Sasa niseme juu ya maji. Mgonjwa wa mashine hanywi atakavyo. Binti yangu alipewa kikombe kidogo kimoja cha siku nzima, na dawa zake zote azimezee humo humo. Alikuwa akilamba kipande cha barafu. Alikuwa akisukutua kinywa na kutema, na mimi mama yake nasimama kuhakikisha ametema. Kiu hiyo si ile ya funga, ambayo unajua magharibi itafika.

Siku moja nilikuwa ndani naye nikimkanda miguu, mpira ukaanza kupiga ukuta. Ukapita nyuma ya kichwa chake, ukashuka ubavuni, matone machache yakapenya baina ya leso yakamwangukia shingoni. Akafumba macho. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Huko nje baba yake alikuwa akizihimiza mbao kwa sauti ya chini, "Nwa, nwa, nwa," vile vile alivyokuwa akimwambia yeye alipokuwa mdogo na kikombe chake cha maziwa.

"Baba," akaita. "Wata."

"Bado kidogo, mwanangu. Upande wa kibla bado."

"Wata, baba, nakuomba. Sistahimili kuyasikia mai."

Ukuta ukanyamaza. Nikachungulia ufa nikamwona ameukunja ule mpira mkononi kuyazuia maji, hajui aende kulifunga bomba au asimame hivyo hivyo, na maji yanamponyoka yakimlowesha kanzu. Nilimkasirikia. Nilizikasirikia mbao, na fundi wa Matondoni, na sukari ya mume wangu, na figo zangu mimi. Hasira ikiwa nyingi na huna wa kumtupia, unabaki nayo.

Hakukimwagia maji tena. Tukaziacha nyufa na leso zake.

Kisha ikaja asubuhi moja ya mashine. Tuktuk iko getini, nimefunga mkoba wa hospitali, nikagonga mlango.

"Yeo siendi, mama."

Nilidhani sikusikia. Nikagonga tena.

"Siendi."

Ilikuwa ndiyo ile siku niliyoiogopa tangu kabla ya Ramadhani, imetukuta tulipodhani tumeipita.

"Fungua tusemezane, mwanangu."

"Twasemezana sasa."

Nikatafuta mahali pasipofunikwa na leso, nikapata ufa mmoja chini karibu na gurudumu, nikapiga magoti mchangani. Niliona mguu wake, umevimba. Niliona mkono wenye mshipa uliotuna, ule waliouunga kwa ajili ya mashine. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa buibui, amevaa viatu. Alikuwa tayari kabisa, na hatoki. Nikamwomba. Nikamwomba kwa Mungu na Mtume wake. Nikamwambia maziwa yangu nitayadai akhera. Nikamwambia anataka kutuua sisi kwanza ndipo afe yeye, na maneno mengine ambayo mama hamwambii mgonjwa. Mguu haukusogea.

Wifi yangu alikuja na mtaimbo uliokuwa umeegeshwa getini, akampa kaka yake. Mbao zile zilivyokuwa zimeachana, hata mimi ningezing'oa.

"Vunda!" nikamwambia mume wangu.

Aliushika ule mtaimbo, akautazama, akaulaza chini, akakaa juu yake.

"Nikivunda yeo," akasema, "kesho atalala wapi?"

Nilimwita majina. Nilimwambia si baba, hajawahi kuwa baba, ni mshonaji tu. Alikaa vile vile ameinamisha kichwa, mikono imelala mapajani, na sijawahi kuiona mikono yake ikiwa haina kazi namna ile. Nikaenda kuuvuta mtaimbo chini yake, hakuondoka. Wifi yangu akalia. Dereva wa tuktuk akapiga honi, akangoja, akaenda zake.

Saa ya mashine ikapita. Adhuhuri ikaadhiniwa na hakuna aliyekula. Nilikaa mchangani nimeegemea gurudumu, nikimsikiliza anavyohema upande wa pili wa ubao, nikijaribu kujua kama pumzi hii imekuwa nzito kuliko ile. Ndani ya mwili wake maji yalikuwa yakiongezeka kidogo kidogo, mimi niko umbali wa mkono mmoja, na hakuna nilichoweza kufanya. Nilijaribu kusoma Yasini nikakwama katikati, mimi niliyeihifadhi tangu chuoni.

Alifungua baada ya alasiri. Alisimama mlangoni, uso umevimba, akanitazama mimi mchangani, akamtazama baba yake na kile alichokikalia.

"Nalidhani mtavunda," akasema.

Baba yake akatikisa kichwa.

"Wapigieni hospitali waniwekee nafasi kesho." Akarudi ndani, akafunga.

Walimpa nafasi. Alienda akarudi amechoka, na hai. Anakwenda mpaka sasa ninapoandika haya. Masika yalipokuja tulikifunika chombo kwa turubai la buluu, wenye kucheka wakacheka, na mvua ikampata kidogo kidogo kwa pembeni, akasogeza kitanda. Siku ile hajanieleza sababu yake na mimi simuulizi. Kila asubuhi ya mashine natoka mapema, nasimama uani mbele ya mlango wake. Sigongi, baba yake amenikataza kugonga. Nasikia viatu vyake sakafuni, najua amekwisha kuvaa, lakini siku ile pia alikuwa amevaa. Nangoja tu afungue.